Mapumziko ni ya Anayefika wa Mwisho

Katika kambi za askari na kota za polisi likizo ina jina lake: huitwa livu. Neno hilo likitajwa, kila mtu nyumbani huwa na matumaini yake. Baba anataka kulala bila kuamshwa na kipenga. Mama anataka mtu wa kumsaidia. Watoto wanataka kumwona kwa macho yule ambaye kwa miezi mingi wamemsikia katika simu tu. Lakini mara nyingi siku ya nne haifiki kabla ya mambo kuanza kwenda upande. Baba huona nyumba haina utaratibu, naye huanza kuamuru. Watoto waliozoea kauli ya mama hawajui wamsikilize nani. Mama, ambaye kwa muda wote huo ameiendesha nyumba peke yake, hujikuta amekuwa koplo katika nyumba yake mwenyewe. Na pale ambapo mama ndiye askari, baba ndiye aliyebaki na watoto, hali huwa ile ile. Livu humalizika, na kila mmoja, ingawa hasemi, hupumua.

Kasoro hapo si ya moyo. Mzazi huyo anaipenda jamaa yake, na ndiyo maana alihesabu siku za kurudi. Kasoro ni kwamba amerudi na mwendo wa kikosi, akautia katika nyumba yenye mtoto wa miaka 6. Miendo hiyo miwili hailingani, na mmoja hauna budi kuvunjika. Kwa sababu hiyo yafaa kuitazama desturi moja ya likizo iliyoko Uingereza, ambayo msingi wake ni swali hilo hilo: katika msafara wenye watu wazima na watoto, ni nani atoe mwendo, mwenye nguvu au mchovu?

Desturi hiyo ni likizo ya kutembea kwa miguu. Familia kadhaa hukutana katika nyumba moja ya wageni, hula meza moja, na kila siku hutoka pamoja kutembea milimani au pwani chini ya kiongozi anayeijua nchi. Jioni hurudi, huvua buti, huoga, na kesho yake hutoka tena kwa njia nyingine. Hakuna anayekwenda kwa gari kutazama mambo kupitia dirishani. Kila kitu hufikiwa kwa miguu, na kwa hiyo kila kitu hufikiwa polepole.

ILIVYOANZA

Mtu asidhani kwamba likizo hizo zilianzishwa na matajiri. Mwaka 1891 alikuwako mchungaji mmoja, Thomas Arthur Leonard, katika mji wa Colne, jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Huo ulikuwa mji wa viwanda vya nguo za pamba. Kila mwaka viwanda vilifungwa kwa juma moja, na wafanyakazi walipanda treni kwenda miji ya starehe ya pwani, wakazimaliza kwa siku chache fedha walizoweka akiba mwaka mzima. Walirudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka, na mifuko mitupu.

Leonard aliwachukua vijana wapatao 30 akaenda nao Ambleside, katika nchi ya milima na maziwa, wakatembea kwa miguu siku chache. Gharama ilikuwa ndogo, chakula kilikuwa cha kawaida, na jioni walikaa pamoja wakazungumza. Jambo hilo liliwapendeza, likakua hata kikaundwa chama cha ushirika cha likizo za namna hiyo. Mwaka 1913 Leonard alianzisha chama kingine, Holiday Fellowship, nacho kiliendeleza kazi ile ile ya kuwakutanisha watu wasiojuana na kuwatembeza pamoja. Tangu hapo desturi hiyo imeenea, na leo wako viongozi wanaotembeza familia zenye watoto wadogo katika sehemu nyingi za nchi hiyo.

NYIKA NA BAHARI

Mahali pamoja panapofaa sana kwa kazi hiyo ni Exmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika mpaka wa majimbo ya Somerset na Devon. Exmoor ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1954, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 690. Si nchi ya milima mirefu. Kilele chake cha juu, Dunkery Beacon, kina mita 519 tu. Lakini ni nchi ya upepo na ukungu, na ina jambo lisilopatikana kila mahali: nyika ya juu na bahari hukutana. Mtu anaweza kuwa asubuhi ufukoni na adhuhuri juu ya nyika, kisha jioni akarudi baharini, bila kupanda gari lolote.

Nyika yenyewe ni uwanda mpana wa juu, usio na miti. Udongo wake mwingi ni mweusi, wa mboji, unaonyonya maji kama sponji. Juu yake huota majani magumu na vichaka vifupi vya jamii ya erika. Mwezi wa Agosti vichaka hivyo huchanua maua ya zambarau, na vilima vyote hubadilika rangi. Huko hukaa ayala wekundu, wanyama wafananao na paa, wenye pembe zenye matawi, na farasi wafupi wa kahawia ambao pua zao huonekana kana kwamba zimechovywa katika unga. Watoto hupenda zaidi vijitunda vyeusi vinavyoiva katika vichaka mwishoni mwa Julai na Agosti, kwa maana huliwa pale pale, na midomo ikageuka rangi.

Upande wa kaskazini nyika hiyo hukatika ghafla na kuteremkia Mlango wa Bahari wa Bristol. Hapo hupita njia ya miguu ya pwani iliyo ndefu kuliko nyingi katika nchi hiyo. Huanzia mji wa Minehead, huzunguka rasi yote ya kusini-magharibi, na kumalizikia Poole, mwendo wa kilomita 1,014. Askari polisi watapenda kujua asili yake. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikanyagwa na askari wa ulinzi wa pwani waliofanya doria dhidi ya magendo. Kwa kuwa wafanya magendo walipakua mali katika vihori vilivyofichika, askari walilazimika kuchungulia kila kihori, wala hawakuweza kukata njia ya mkato. Ndiyo maana hata leo njia hiyo haiachani na ukingo wa bahari, bali hupanda na kushuka kila bonde. Kazi ya doria imekwisha, nyayo zimebaki, na sasa watoto wa shule huzifuata wakiwa na mikate mifukoni.

SIKU MOJA NJIANI

Ili msomaji aelewe kazi ya kiongozi, na tuchukue njia moja inayopendwa na familia. Huanzia kijiji cha Lynmouth, kilicho mdomoni mwa mto. Hufuata mto huo kwenda juu kupitia msitu wa mialoni hadi Watersmeet, mahali ambapo mito miwili hukutana kwa kishindo. Kutoka hapo hupanda mlima mkali hadi kanisa dogo la Countisbury na nyika iliyo juu yake, karibu mita 300 juu ya bahari, kisha hurudi Lynmouth kwa njia ya pwani. Jumla ni kama kilomita 10.

Kwa askari kilomita 10 si kitu. Iko hata kanuni ya kuhesabu muda wake, iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskoti, William Naismith: kilomita 5 kwa saa, na kuongeza kama dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hesabu hiyo safari yote ni saa mbili na nusu. Lakini kanuni ya Naismith ni ya mtu mzima mwenye nguvu, asiyesimama. Kiongozi wa familia huitumia kama mwanzo wa hesabu tu. Huongeza muda wa kula, wa kujisaidia, wa kufunga kamba za viatu, wa kutazama chura, na wa kulia. Kwa hiyo saa mbili na nusu huwa saa tano, na kiongozi hupanga siku yake kwa saa tano tangu mwanzo, ili asije akamfokea mtoto kwa kosa la saa.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, hukagua kama afisa wa zamu. Hutazama viatu vya kila mtu, koti la mvua, maji, chakula na sweta, kwa sababu juu huwa na baridi hata siku yenye jua chini. Yeye mwenyewe hubeba ramani, dira, kipenga, kisanduku cha huduma ya kwanza na nguo za akiba. Ramani hiyo nayo ina asili ya kijeshi, maana idara ya ramani ya Uingereza, Ordnance Survey, ilianzishwa mwaka 1791 na idara ya silaha ya serikali. Kipenga ni cha dharura: hupulizwa mara 6 katika dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Anayesikia hujibu kwa kupuliza mara 3. Watoto hufundishwa jambo hilo kabla ya hatua ya kwanza, na huambiwa kwamba kipenga si cha mchezo.

Kisha msafara hupangwa. Kiongozi yuko mbele. Nyuma kabisa huwekwa mtu mzima mwenye nguvu na subira, ambaye kazi yake ni moja tu: asimpite mtu yeyote. Maadamu huyo wa mkia hajaonekana, msafara haujafika. Na wale wanaokwenda polepole hawaachwi mkiani. Huwekwa karibu na kiongozi, ili yeye aupime mwendo wake kwa pumzi zao. Askari wanajua sababu yake. Katika mstari mrefu, wa mbele akiongeza hatua kidogo, wa nyuma hulazimika kukimbia. Wa mbele akisimama kidogo, wa nyuma hugongana. Anayetaka mkia utulie hana budi kukituliza kichwa.

Vidonda vya miguu hushughulikiwa kabla ya kuwa vidonda. Mtoto akisema kisigino kinawaka, msafara husimama, soksi huvuliwa na plasta hubandikwa pale pale. Anayeambiwa avumilie hadi juu huota lengelenge, na kuanzia hapo hubebwa mgongoni. Kangaga na majani marefu hupitwa kwa suruali ndefu, maana yana kupe wanaoweza kuleta ugonjwa, na jioni kila mzazi huwakagua watoto wake miilini.

Lakini kuna kanuni moja inayozidi zote hizo, nayo huvunjwa kila siku na watu wenye nguvu bila wao kujua. Mlima wa kupanda Countisbury ni mkali. Vijana na akina baba hutangulia, hufika juu, huketi, hunywa maji na kutazama bahari. Baada ya dakika 10 hutokea mtoto mdogo pamoja na mama yake, nyuso zimewaiva. Mara wale walioketi husimama, hujifuta majani, na kusema, “Haya, wote tumefika, twendeni.” Wenye nguvu wamepumzika dakika 10. Wachovu hawakupumzika hata moja. Na kila kituo mambo huwa hivyo hivyo, hata jioni watu hushangaa kwa nini mtoto analia na mama amenuna, ilhali “tulipumzika mara nyingi.”

Kiongozi anayeijua kazi hakubali jambo hilo. Kwake mapumziko huanza kuhesabiwa pale anapoketi mtu wa mwisho. Aliyetangulia akitaka kuondoka, aambiwe akae. Mapumziko ni ya anayefika wa mwisho, na wengine humsubiri.

MKIA WA NYUMBA

Hapo ndipo desturi ya watembeaji wa Exmoor inapoingia katika kota za askari. Katika kila nyumba yuko anayefika wa mwisho. Chakula kimepakuliwa, watu wamenawa na wameketi, na yeye bado yuko jikoni. Anapoketi, wa kwanza wameshiba na wanaomba maji. Usiku taa zimezimwa na yeye bado anahesabu sare za shule za kesho. Siku ya mapumziko ya wote kwake ni siku ya wageni. Ukimwuliza baba kama jamaa yake imepumzika katika livu, atasema kwa moyo mweupe kwamba imepumzika. Naye hasemi uongo, kwa sababu yeye alipofika juu aliketi.

Vivyo hivyo kwa mtoto. Mzazi aliyerudi baada ya miezi mingi hutaka mapenzi yarudi siku ile ile. Yeye amekwisha kufika, kwa maana njiani kote alikuwa akiwaza nyumbani. Mtoto bado yuko chini ya mlima. Alimzoea mzazi asiyekuwako, na sasa anatakiwa kumzoea aliyeko. Akifokewa aharakishe, atajificha nyuma ya kanga ya mama. Akisubiriwa, atapanda mwenyewe.

Faida ya safari ya miguu chini ya kiongozi ni kwamba inamvua mzazi cheo bila kumvunjia heshima. Siku hiyo mwenye kuamuru ni mtu mwingine. Sajini na mtoto wake wote ni watembeaji. Wote huambiwa wakaze kamba, wote huambiwa wasubiri. Mtoto humwona baba akitii, na baba humwona mtoto akistahimili. Tena watu wanaotembea bega kwa bega huzungumza kwa wepesi kuliko wanaotazamana mezani. Swali ambalo kijana wa miaka 13 hawezi kulitoa sebuleni, hulitoa njiani akitazama mbele, na hupata jibu bila kutazamwa usoni.

MASHUA ILIYOPANDA MLIMA

Watembeaji wanapofika Countisbury huonyeshwa barabara, na viongozi hueleza habari iliyotokea hapo usiku wa tarehe 12 Januari 1899. Siku hiyo merikebu yenye milingoti mitatu, Forrest Hall, ilipatwa na dhoruba karibu na Porlock, nayo ilikuwa na watu 18. Kijiji cha Lynmouth kilikuwa na mashua ya uokozi iitwayo Louisa, lakini mawimbi yalikuwa makubwa mno, haikuwezekana kuishusha majini. Nahodha wake, Jack Crocombe, akatoa shauri ambalo wengi waliliona la kichaa: mashua ipelekwe Porlock kwa nchi kavu, mwendo wa kilomita 21 hivi juu ya nyika, ikashushwe huko.

Watu wapatao 100 na farasi wapatao 18 waliivuta usiku kucha katika mvua na upepo. Mlima wa Countisbury huinuka mita 1 kwa kila mita 4. Watu walitangulizwa na sururu na majembe kupanua njia. Huko juu wengi walirudi, wakabaki kama 20. Palipokuwa pembamba, gari la kubebea mashua lilizungushwa kupitia mashambani, na mashua yenyewe ikaburutwa juu ya magogo. Karibu na Porlock ukuta ulibomolewa ili ipite. Walianza kama saa 2 usiku, wakafika baharini saa 12 na nusu asubuhi, wakaishusha mashua bila kulala wala kula. Watu wote 18 wa Forrest Hall wakapona.

Ni habari ya ushujaa, na askari ataipenda kwa sababu hiyo. Lakini iko hesabu ndani yake. Watu hao wakiwa mikono mitupu wangefika Porlock kwa nusu ya muda huo. Wangefika mapema, tena bila faida yoyote, kwa maana wangefika bila mashua. Mwendo wa usiku ule haukutolewa na mwanamume aliyekuwa na nguvu kuliko wote, bali na kitu kizito walichokuwa wamekubaliana kutokiacha. Jamaa ni mzigo wa namna hiyo. Anayefika peke yake hakufika.

KIONGOZI AJUE KURUDI

Jambo la mwisho ambalo watembeaji hujifunza ni kurudi. Ukungu unaweza kuifunika Exmoor kwa muda mfupi, na bahari ya chini yake ina kujaa na kupwa kukubwa mno; katika mdomo wa mto Severn tofauti ya maji hufikia kama mita 14 wakati wa bamvua. Anayetembea ufukoni chini ya majabali bila kujua saa ya maji hujikuta amefungiwa. Kwa hiyo kiongozi husoma jedwali la maji na utabiri wa hewa kabla ya kunywa chai, na akiona mambo si mema hubadili njia. Wako wazazi wanaonung’unika kwamba wamelipa na hawakuona walichoahidiwa. Yeye huwaacha wanung’unike.

Ana sababu. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Agosti 1952, katika msimu wenyewe wa likizo, mvua ya milimita zipatazo 230 ilinyesha Exmoor katika saa 24. Nyika ilikuwa imekwisha kushiba kwa mvua za siku zilizotangulia, wala haikuweza kunyonya tena. Maji yote yaliteremka katika mabonde membamba kuelekea Lynmouth, yakibeba miti na mawe makubwa. Miti na mawe yaliziba madaraja, maji yakajaa nyuma yake, kisha yakapasuka. Watu 34 walikufa, na zaidi ya 400 walikosa makao. Baadaye kijiji kilijengwa upya, na mto ukapewa njia pana zaidi. Watoto wanaoanza safari hapo leo huanza kwa kuuona mto mdogo unaocheza juu ya mawe, na kiongozi huwaeleza ni nani aliyeyaleta mawe hayo.

Watu wa miteremko ya Mlima Elgon hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, ardhi iliporomoka huko Bududa ikafukia makazi na watu wengi. Mlima ulioshiba maji hauna rafiki, uwe wa Ulaya au wa Afrika.

KATIKA LIVU IJAYO

Si lazima mtu aende Uingereza ili aitembeze jamaa yake. Hata vichaka vya erika vinavyochanua Exmoor vina ndugu zao juu ya Elgon na Rwenzori, na huko ndugu hao hukua wakawa miti. Nyika hizo za juu ni za watu wazima waliojiandaa, si za mtoto mdogo. Lakini chini yake, katika miteremko ya Kapchorwa, yako maporomoko matatu ya Sipi, ambayo kubwa lake lina urefu wa kama mita 100, na wako wenyeji wanaoongoza wageni katika vijia vyake. Asiyeweza kufika huko ana kilima karibu na kambi, au kijiji cha babu, au ufuko wa ziwa.

Yafaa kuanza na kilomita 4 au 5, asubuhi na mapema kabla ya jua kali. Achukuliwe mwenyeji anayeijua njia, na alipwe haki yake, kwa kuwa baba anayejitia kuongoza mahali asipopajua hurudi na ubishi badala ya furaha. Viatu viwe vilivyozoeleka mguuni, si vipya. Maji yawe ya kutosha, na chakula kiwe kile ambacho mama hakulazimika kuamka saa 10 usiku kukipika: ndizi, mihogo ya kuchemsha, mkate. Mzigo wa chakula na wa mtoto mchanga ubebwe na mwenye mabega mapana. Mtoto mdogo atembee karibu na kiongozi. Mkiani akae baba.

Hapo nyuma baba ataona mambo ambayo hakuyaona kwa miaka mingi, kwa sababu siku zote alikuwa mbele. Ataona mtoto yupi humngoja mwenzake na yupi hamngoji. Ataona mkewe anavyotembea asipokuwa na kitu kichwani. Na watakapofika kivulini, yeye atakuwa wa mwisho kuketi, na saa ya mapumziko itaanza hapo.